Maswali ya Wasomaji: Baridi ya Mapema Houston

SWALI: Naishi Houston, Texas, na nimepanda matembele na mchicha uani. Mwanzoni mwa Novemba simu ilionyesha nyuzi 2 za Selsiasi kwa wiki ijayo, kesho yake ikasema 9. Nishike lipi?

JIBU: Usishike namba moja ya siku ya saba. Kituo cha utabiri cha Ulaya, ECMWF, huendesha modeli yake, yaani programu ya kompyuta inayokokotoa hali ya hewa, mara 51 kwa tofauti ndogo za mwanzo. Angalia ni matokeo mangapi yanayokaribia sifuri. Yakiwa machache, subiri.

Hewa ya baridi hushuka kutoka Kanada, nzito, ikitambaa karibu na ardhi. Modeli za dunia nzima mara nyingi hutabiri kwamba itafika kwa kuchelewa, kwa hiyo fuatilia vipimo halisi vya Dallas, mji ulio kaskazini mwa Houston. Upepo wa kaskazini ukifika huko kabla ya saa iliyotabiriwa, nawe wahi.

Wengi hukosea usiku wa kuogopa. Wa kwanza upepo huvuma na kuchanganya hewa. Wa pili, upepo ukitulia na anga kuwa wazi, ardhi hupoteza joto na baridi huzidi, hasa nje ya mji. Jioni tazama kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa ikilifikia umande huanza kutunga: kikiwa nyuzi 10, joto ni vigumu kushuka mbali chini yake, kikiwa chini ya sifuri, funika.

Mwagilia udongo mchana, kisha tandaza shuka hadi ardhini. Nailoni isiguse majani. Kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa hukaa kama mita 2 juu ya ardhi, hivyo kikisoma nyuzi 2 majani ya chini yanaweza kuganda.