Maswali na majibu: Wiki ya mafunzo ya vitendo kwenye okestra

Wanafunzi, wazazi na mwalimu mmoja wameniandikia kuhusu mafunzo ya vitendo katika okestra za kulipwa. Maktaba ya nota ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nimewapokea vijana wengi wa aina hii. Ninawajibu kwa zamu.

Swali: Ninapiga fidla, na shule imenipatia wiki moja kwenye okestra kubwa. Je, nitapiga pamoja nao?

Kwa uwezekano mkubwa hapana, na ni vizuri ulijue hilo kabla hujafika mlangoni. Okestra ya kulipwa hufanya mazoezi machache tu kabla ya onyesho, mara nyingi kwa vipindi vya saa mbili na nusu hadi tatu, na kila kiti kina mwenyewe aliyekipata kwa usaili mgumu. Nafasi za vijana kupiga pamoja na wataalamu zipo, lakini ni za hatua ya baadaye. London Symphony Orchestra ina mpango wa wanafunzi wa ala za nyuzi wanaosoma vyuo vya muziki, na Berlin Philharmonic ina akademia iliyoanzishwa na mwongozaji wake Herbert von Karajan mwaka 1972. Walioko huko wamekwisha kuamua kwamba muziki ndiyo kazi yao ya maisha.

Unachopata wewe ni kukaa mahali ambapo mwenye tiketi hakai. Omba, kwa adabu, uketi nyuma ya viola au kando ya tromboni japo kwa kipindi kimoja. Kutoka hapo utamwona mwongozaji uso kwa uso, utasikia jinsi sauti inavyokuwa tofauti ukiwa ndani yake, na utagundua kwamba mpigaji wa nyuma kabisa hawezi kutegemea masikio peke yake. Akisubiri kusikia fidla za mbele ndipo aanze, amekwisha kuchelewa. Fidla yako ibebe tu kama umeambiwa uje nayo.

Swali: Ratiba inaonyesha kwamba siku mbili za kwanza nitakuwa maktaba nikifuta penseli kwenye nota. Wenzangu wananicheka. Niombe nibadilishiwe?

Usiombe. Tena ukiongezewa siku ya tatu, ipokee.

Mkutubi wa okestra haazimishi vitabu. Yeye ndiye anayehakikisha kwamba watu themanini au mia moja wakiketi, kila mmoja ana karatasi yake sahihi mbele yake, na karatasi zote zinakubaliana. Chukua nyuzi peke yake. Okestra kamili inaweza kuwa na fidla za kwanza 16, fidla za pili 14, viola 12, selo 10 na dabo besi 8. Hao ni watu 60, na kwa kuwa hukaa wawili wawili kwenye stendi moja, zinahitajika nakala 30. Kiongozi wa fidla za kwanza huamua upinde uvutwe kuelekea wapi katika kila kifungu: alama ya mraba ulio wazi chini ni kushusha, alama ya V ni kupandisha. Viongozi wa makundi mengine hulinganisha za kwao na zake. Kisha alama hizo zote huhamishiwa kwenye kila nakala kwa mkono, mstari kwa mstari. Ukiona pinde zinapanda na kushuka pamoja jukwaani, ujue kuna mtu alikaa na penseli siku nyingi kabla ya hapo.

Kwa nini penseli, na kwa nini kufuta? Kwa sababu nota nyingi si mali ya okestra. Kazi ambazo bado zina hakimiliki kwa kawaida hukodiwa kutoka kwa mchapishaji. Mtunzi Shostakovich alifariki mwaka 1975, na katika nchi ambazo hakimiliki hudumu miaka 70 baada ya kifo cha mtunzi, muziki wake utaendelea kulindwa hadi mwisho wa 2045. Nota za kukodi hurudishwa, na okestra inayofuata hutaka ukurasa unaosomeka. Beethoven ni habari nyingine. Nota zake mtu yeyote anaweza kuzimiliki, kwa hiyo okestra hubaki na seti ileile miaka na miaka, na penseli za vizazi vya wapigaji hulundikana humo.

Ndiyo maana ninakwambia: unapofuta, soma. Utakuta miwani iliyochorwa juu ya nota. Hiyo ni onyo la mpigaji kwa nafsi yake, kwamba hapa inua macho umtazame mwongozaji. Utakuta V.S., yaani geuza ukurasa upesi. Utakuta mahali ambapo mtu amezungushia alama mara tatu, na hapo bila shaka aliwahi kuponea chupuchupu. Nyuma ya nota za zamani huenda kuna tarehe za maonyesho na muda yaliochukua, zilizoandikwa na watu waliokwisha kustaafu. Muulize mkutubi zipi zifutwe na zipi zibaki kabla kifutio chako hakijagusa karatasi.

Halafu jitolee kwa kazi moja ambayo wengi huikimbia: kulinganisha namba za vipimo (visehemu vinavyotenganishwa na mistari ya wima kwenye nota) na herufi za mazoezi (herufi zinazoonyesha mahali pa kuanzia) kati ya kitabu cha mwongozaji na nota za wapigaji. Matoleo ya wachapishaji hutofautiana. Mwongozaji akisema "tuanze herufi D" na D ya kitabu chake siyo D ya nota za selo, okestra nzima inasimama kutafuta mahali, na muda wa mazoezi ni fedha. Kosa hilo ukiligundua mezani, umewaokoa watu wote walioko ukumbini. Wakutubi huchukulia makosa ya aina hii kwa uzito mkubwa. Chama chao cha kimataifa, MOLA, kilianzishwa mwaka 1983, na wanachama wake hupeana orodha za makosa yaliyogunduliwa katika matoleo mbalimbali.

Mwanangu, wanaokucheka hawajui unapewa nini. Mimi sijaona chumba kingine kwenye jengo la okestra kinachomfundisha mgeni mengi kwa muda mfupi kama hicho.

Swali: Nikiketi kwenye mazoezi ninachanganyikiwa. Wanarukaruka, hawapigi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nifuatilieje?

Mazoezi hayafuati mpangilio wa onyesho. Mara nyingi huanza na sehemu zenye ala nyingi, ili wasiohitajika tena waruhusiwe kwenda. Katika Simfonia ya Tano ya Beethoven, tromboni hazipigi hata nota moja hadi sehemu ya nne, kwa hiyo usishangae wakianzia mwisho.

Usijaribu kusoma mistari yote ya kitabu cha mwongozaji kwa mara moja. Juu kabisa huwa kuna ala za kupuliza za mbao, chini yake za shaba, kisha za kugonga, na nyuzi ziko chini. Chagua mstari mmoja, selo kwa mfano, uufuate dakika kumi bila kuuacha. Klarineti na horni ziache kwanza, maana nota zilizoandikwa si sauti zinazotoka: klarineti ya kawaida husikika chini ya kilichoandikwa. Siku nyingine mfuate mtu asiyepiga. Katika Simfonia ya Tisa ya Dvořák, iliyopigwa mara ya kwanza New York mwaka 1893, matoazi hugongwa mara moja tu, tena kwa upole, katika sehemu ya mwisho. Mtazame mpigaji huyo anavyohesabu, anavyosimama, anavyojiandaa. Utajifunza kuhusu umakini zaidi kuliko kwa hotuba yoyote.

Na jambo dogo: obo ikitoa ile nota ya A ambayo wote hulinganishia ala zao, acha kila kitu. Usisogeze kiti, usifungue begi, usinong'one. Kipimo cha kimataifa cha nota hiyo ni mitetemo 440 kwa sekunde, ingawa okestra nyingi za Ulaya hupanda hadi 442 au 443, na wakati huo kila mtu anasikiliza tofauti ndogo mno.

Swali: Mimi ni mzazi. Nimesikia kwamba wanamuziki wa okestra hupoteza usikivu. Binti yangu ana miaka 16. Je, ni salama?

Wasiwasi wako ni wa haki, mama, na usikubali mtu aupuuze. Kelele ni kelele hata ikiwa ni muziki mzuri. Kiwango kinachopendekezwa na wataalamu wengi ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda salama hupungua kwa nusu: 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili, 94 ni saa moja. Mbele ya tarumbeta na tromboni zikipiga kwa nguvu, viwango hivyo hupitwa kwa urahisi. Mwaka 2018 mahakama ya London iliamua kwamba jumba moja la opera linawajibika kwa madhara ya masikio ya mpigaji viola aliyekuwa ameketi mbele ya kundi la shaba wakati wa mazoezi.

Andika barua kwa meneja wa okestra kabla ya wiki kuanza. Uliza binti ataketi wapi, kwa muda gani, na kama atapewa vizibo vya masikio vya wanamuziki. Hivyo hupunguza sauti za juu na za chini kwa usawa, kwa hiyo bado atasikia muziki vizuri. Akae mbali na mbele ya shaba na ngoma, isipokuwa kwa muda mfupi. Mwambie pia kwamba mlio ndani ya sikio unaobaki baada ya mazoezi si jambo la kuvumilia kimya. Aseme siku hiyohiyo.

Ukiwa unaandika, uliza vilevile nani mtu mzima anayewajibika kwake, hasa jioni ya onyesho, na atarudije nyumbani.

Swali: Ninaweza kurekodi kidogo kwa simu, kwa ajili yangu tu?

Hapana. Sauti ile ina haki za wapigaji, na wakati mwingine za mtunzi aliye hai. Kuna pia heshima: mazoezi ni mahali ambapo mtu ana haki ya kukosea bila kusambazwa. Picha ya stendi tupu omba ruhusa, huenda ukakubaliwa.

Swali: Sipigi ala yoyote. Napenda mambo ya jukwaa, taa na mipango. Naweza kuomba?

Omba leo. Wapo watu wengi kwenye okestra ambao hawashiki ala kabisa: wanaopanga safari, wanaolipa mishahara, wanaouza tiketi, wanaoandaa vipindi vya shule. Lakini kwa unavyojieleza, omba uwe na meneja wa jukwaa.

Utaona ramani ya viti inavyochorwa kwa kila kazi, maana hata ndani ya onyesho moja idadi ya wapigaji hubadilika. Wapiga dabo besi huhitaji viti virefu. Selo ina mwiba unaoingia sakafuni, kwa hiyo kuna mbao za kuuzuia usiteleze. Kila kiti lazima kimwone mwongozaji, na upinde wa jirani usigonge bega la mtu. Unyevu wa hewa nao hufuatiliwa, kwa kawaida kati ya asilimia 40 na 60, kwa sababu mbao kavu hupasuka. Piano ikishapimwa sauti, hakuna anayeigusa wala kuisogeza. Wewe pia usiguse ala yoyote, hata kwa nia ya kusaidia kuibeba, mpaka mwenyewe akukabidhi mkononi. Vaa viatu vilivyofunika vidole, visivyo na sauti.

Swali: Nitawauliza nini wapigaji? Naogopa kuwasumbua.

Usimwendee mtu aliyeshika ala dakika tano kabla ya kuanza. Subiri mapumziko, jitambulishe, uliza swali moja kisha usikilize. Swali ninalolipenda ni hili: "Usaili wako ulikuwaje?" Wengi watakueleza kwa moyo wote. Kwenye okestra nyingi, raundi za mwanzo mtu hupiga nyuma ya pazia ili waamuzi wasijue ni nani, na pengine huwekwa zulia ili hata viatu visimtambulishe. Wapiga fidla karibu wote watakutajia ukurasa wa kwanza wa Don Juan, kazi ya okestra ya Richard Strauss. Na ukishinda, bado kuna kipindi cha majaribio kabla ya kuthibitishwa. Akikujibu kwa ufupi, mshukuru, umwache. Huenda ana kifungu kigumu kichwani.

Swali: Mimi ni mwalimu. Wanafunzi wangu warudi na ripoti ya aina gani?

Mwalimu, usiwape fomu ya kuweka alama za vema. Mwambie kila mmoja aeleze kwa undani uamuzi mmoja alioushuhudia: nani aliuamua, kwa sababu gani, na nini kilibadilika kwenye sauti au jukwaani. Kurasa mbili zinatosha.

Swali: Nataka kuwa mwongozaji. Wiki hii itanisaidia nini kama sitashika fimbo?

Fimbo ni sehemu ya mwisho ya kazi hiyo. Tarehe 14 Novemba 1943, mwongozaji Bruno Walter aliugua, na Leonard Bernstein, mwongozaji msaidizi mwenye umri wa miaka 25, akaiongoza New York Philharmonic bila mazoezi, huku onyesho likirushwa redioni. Aliweza kwa sababu kazi ya msaidizi ni kuijua programu nzima hata kama hatapanda jukwaani kamwe.

Basi waandikie maktaba sasa, uwaulize programu ya wiki yako ni ipi. Tafuta nota za kazi moja tu, uisome kila siku mpaka uweze kuiimba sauti ya besi bila kutazama. Siku ya kwanza ya mazoezi, kila mara mwongozaji anaposimamisha okestra, andika namba ya kipimo na ubashiri atasema nini kabla hajafungua mdomo. Jioni mwombe msaidizi wake, kama yupo, dakika kumi za kupitia pale ulipobashiri tofauti.