Gari la dumu la njano limegeuka kijani

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi simu hapa Lindi mjini, jioni huwa nachora. Nimeanza picha za vichezeo vya utoto wetu: gari la dumu la mafuta ya kula lenye magurudumu ya kandambili, mpira wa mifuko ya nailoni, na mwanasesere wa gunzi aliokuwa nao dada yangu. Nimevipanga mezani, nikavipiga picha kwa simu, nachora kwa akriliki. Nilipotia kivuli, dumu la njano likawa kijani kichafu na picha yote imepooza. Rafiki yangu anasema ninunue rangi za kuwaka, nimalizie kwa vanishi. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Dumu kwanza. Umechanganya njano na nyeusi. Nyeusi nyingi za kwenye tyubu zinatokana na kaboni, na ukiikaribisha kwenye njano inafanya kazi ya bluu. Njano na bluu zinazaa nini, unajua. Kwenye kivuli tumia njano ya udongo na kahawia nyekundu kidogo. Pale chini kabisa, dumu linapokalia meza, gusia zambarau kwa ncha ya brashi. Kandambili nyekundu kivuli chake ni damu ya mzee. Akriliki ikikauka inakuwa na giza kidogo, kwa hiyo changanya ng'avu kuliko unavyotaka.

Simu iweke pembeni. Kamera ikikutana na jua letu huzamisha vivuli vyote kwenye weusi, na ninahisi hapo ndipo ulipoitolea hiyo nyeusi. Kaa mbele ya vitu vyenyewe. Na usifuate ule ushauri kwamba mchoraji akae kwenye dirisha la kaskazini apate mwanga tulivu, umeandikiwa watu wa Ulaya. Huku kwetu kuanzia Machi hadi Septemba jua la mchana liko upande wa kaskazini, hivyo dirisha tulivu ni la kusini.

Ukikaa hapo, utazame mpira wa nailoni kwa dakika tano kabla ya kushika brashi. Vijana wengi sasa watauona kwa mara ya kwanza kwenye picha yako, maana mifuko ile ilipigwa marufuku Juni 2019. Utasema ni mweusi. Hapana. Upande wa dirishani umebeba bluu ya anga, kwenye mikunjo ya kamba kuna kahawia, na tumboni, karibu na gari, kuna utepe mwembamba wa njano uliorushwa na dumu. Utepe huo mmoja utaipa picha yako uhai kuliko tyubu nzima ya rangi yoyote.

Sasa rafiki yako. Simlaumu, amerudia tu anachokisikia, lakini ushauri huo unaniuma kwa sababu haupiti mwezi sijaletewa picha iliyoharibiwa nao. Watu wameaminishwa kwamba picha kali inatokana na rangi kali. Chukua dumu lako ulikalishe juu ya kanga iliyofuliwa mpaka ikapauka. Litawaka. Lihamishie juu ya kitenge kipya chenye chungwa na nyekundu, dumu lilelile, saa ileile, litazimika. Hujabadilisha chochote kwenye njano yake. Uliyebadilisha ni jirani yake. Mmarekani Wayne Thiebaud, aliyefariki mwaka 2021 akiwa na miaka 101, alichora keki na vichezeo juu ya meza nyeupe na vivuli akavipaka bluu waziwazi. Watu wanatazama keki na kusifia rangi zake, kumbe ile bluu ya kivuli ndiyo inayozisukuma mbele. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya turubai lako iwe kijivu, vumbi, kutu, mbao kuukuu. Vichezeo vyetu vilikuwa hivyohivyo, vimepauka na kuchubuka. Ukivipaka kama vimetoka dukani leo, utakuwa umefuta utoto wenyewe uliotaka kuuchora.

Wapo watakaokutajia mchoraji Tingatinga na rangi zake za baiskeli. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, jirani yetu, kweli alitumia rangi za mafuta za kung'aa juu ya hadibodi. Lakini alichora umbo tambarare juu ya uwanja wa rangi, hakutafuta kivuli cha dumu mezani. Njia yake ni kamili kwa kazi yake. Wanaomtumia kama kisingizio cha kuuza makopo hawajaitazama.

Rangi za kuwaka, zile zinazofanana na jaketi la bodaboda, zina ubaya mwingine: hazistahimili mwanga. Miaka ya nyuma nilimchorea mteja samaki kwenye ukuta wa mgahawa, pinki ya kuwaka kila mahali, kwa sababu muuzaji aliniapia haifi. Msimu wa korosho uliofuata ulikuta samaki weupe kama waliochovywa kwenye chokaa. Nilirudia ukuta mzima kwa fedha yangu. Vanishi ya makochi nayo inageuka manjano kadiri miaka inavyokwenda, na bluu yako yote itafuata ukijani.

Vijana wanatoa fedha za mkorosho wa mama zao kulipia mafunzo ya uchoraji ya siku tatu, wanarudi na tyubu sita za namna hiyo na hawajafundishwa kutazama hata kikombe. Mtu akikuuzia rangi, kabla hujainunua kwa wingi, paka mstari wake kwenye karatasi nene, funika nusu kwa kipande cha boksi kisichopitisha mwanga, ubandike kwenye dirisha linalopigwa na jua. Uiache miezi mitatu. Kisha ondoa boksi mbele ya huyo muuzaji.