Kabla hujawasha kamera kumrekodi teja

Nikiletewa skripti yenye teja, siisomi kuanzia mwanzo. Natafuta kwanza ukurasa anaojidunga. Mara nyingi nakuta maelezo marefu ya kijiko, kiberiti, sindano, macho yanayolegea na muziki unaopanda. Nikifungua ukurasa unaofuata imeandikwa "baada ya miezi sita", kijana amechakaa na mama yake analia. Sindano imepewa ukurasa mzima, miezi sita imepewa mstari mmoja.

Mimi narekodi harusi na filamu fupi hapa Kigoma, na wadogo zangu wanaoanza kazi hii huwa nawaambia jambo moja. Siku ya mtu aliyenasa kwenye unga, yaani heroini, si kujidunga. Hilo ni la dakika chache. Siku yake ni kutafuta: hela, pusha wa kumuuzia, mahali pa kujificha, uongo mpya wa kumwambia dada. Kamera yako ikae huko kwenye kutafuta.

Wengi wanaonifuata wameiona Requiem for a Dream, filamu ya Darren Aronofsky ya mwaka 2000 kuhusu vijana walionaswa na heroini, na wanataka ule mtindo wa vipande vifupi: mwali, damu, jicho, kila picha na mlio wake, yote yanapita kabla hujapepesa. Wanauiga mara moja kwenye filamu nzima, halafu wanashangaa haukufanya kazi. Nguvu ya mtindo ule iko kwenye kurudia. Vipande vilevile vinakurudia tena na tena, mpaka tendo linakuwa la kawaida kama kupiga mswaki, na hapo ndipo linaanza kutisha. Tena Aronofsky hakuwawekea vijana peke yao. Mama wa mmoja wao, mtu mzima anayemeza vidonge vya kupunguza mwili ili aonekane kwenye televisheni, amekatiwa picha kwa mtindo uleule. Ukiandika filamu ya Kigoma, fikiria baba mdogo na gongo yake ya kila jioni, anayemfokea kijana kwa kuvuta bangi. Wape wote wawili mkato mmoja, uone watazamaji watakavyojigeuza kwenye viti.

Ila lile jicho maarufu, ambalo mboni inatanuka ghafla dawa ikiingia, usiliige. Kwa heroini ni kinyume: mboni husinyaa ikawa nukta. Inatanuka arosto ikishika, yaani mateso ya mwili unapokosa dawa. Mwongozaji alichagua picha yenye msisimko, na vijana wa dunia nzima wameichukua kama somo la udaktari.

Nakusisitizia hili kwa sababu waigizaji wetu wakiambiwa "uko kwenye arosto", wanajitupa chini, wanapiga kelele, mapovu yanatoka. Arosto ya unga huanza kati ya saa 8 na 24 baada ya dozi ya mwisho, nayo huchukua siku 4 hadi 10. Inaanza na miayo. Makamasi, machozi, vipele vya baridi juani, tumbo linakata, kuharisha, miguu haitulii kitandani. Mwigizaji anayejua kupiga miayo na kufuta pua kwa kiganja, huku anajaribu kuongea na mjomba wake kama mtu mzima, anatosha. Kutetemeka sana, kuona vitu visivyokuwepo, hata degedege, hayo humpata zaidi mlevi sugu wa pombe aliyekatishwa ghafla. Kwa hiyo amua kwanza mhusika wako anatumia nini. Vijana ninaowaona mimi vijiweni hapa ni wa bangi na pombe kali kuliko unga. Sasa kwa nini kila skripti ya Kigoma ina teja wa Kinondoni, Dar es Salaam, ndani yake? Na ukiweka kiroba, ile pombe kali ya pakiti, mkononi mwake, kumbuka vile vya mifuko ya plastiki vilipigwa marufuku Machi 2017, usimpe kijana wa juzi.

Kuna kifaa kimoja ningependa ukijaribu: kamera inayofungwa kifuani mwa mwigizaji, ikimtazama yeye mwenyewe. Akitembea, uso wake unabaki palepale na dunia nyuma yake ndiyo inayoyumba. Requiem inaitumia. Yangu nilitengenezewa na fundi wa kuchomelea pale Mwanga, kwa bomba jepesi na mikanda ya begi la shule, na simu inakaa vizuri tu. Itumie kidogo. Mara moja anapotoka kwa pusha mikono mitupu inatosha. Ukiizoesha, mtazamaji anaanza kuitazama kamera badala ya mtu.

Muziki uzime. Najua inauma, maana kinanda cha huzuni ndicho kinachotuokoa pale mwigizaji anapokuwa mzito. The Panic in Needle Park ya Jerry Schatzberg, ya mwaka 1971, inafuata vijana wawili wa heroini katika mitaa ya New York bila muziki wa filamu hata kidogo. Unasikia magari na watu wanaopita na shughuli zao. Sisi tuna sauti tele: injini za boti Kibirizi, adhana kutoka Ujiji, honi ya treni, mama anayenadi migebuka. Kijana anajikunja ukutani na mnada unaendelea. Mtaa haukusimama kwa ajili yake, na hilo linaumiza kuliko kinanda.

Halafu Kigoma ina shida yake: ni nzuri mno kuelekea saa moja jioni. Jua linazama upande wa Kongo, juu ya ziwa, na chochote ukikiweka mbele yake kinapendeza, hata mtu anayejimaliza. Nimeona filamu fupi ambayo kijana anavuta bangi ufukweni, moshi umeshika rangi ya machweo, na watoto waliokuwa wanatazama nyuma yangu wakasema "kali hiyo!" Nia ya mwongozaji ilikuwa kuonya. Mwanga ulikuwa na nia yake. Mrekodi saa saba mchana, jua la utosi, dagaa wameanikwa, kila mtu ana kitu mkononi isipokuwa yeye. Machweo wape wavuvi wanaoingiza mitumbwi majini.

Na ukitaka chanzo cha kuanza kutumia, achana na "marafiki wabaya". Uvuvi uliposimamishwa Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, kulikuwa na vijana waliozoea kulala mchana na kufanya kazi usiku, na sasa hawakuwa na kazi ya usiku. Usiku mrefu, mfuko mtupu, usingizi hauji. Hapo pana filamu.

Picha za karibu za maandalizi, yaani kijiko, kete inavyofunguliwa, mshipa unavyotafutwa, ziondoe. Si kwa sababu ya aibu. Mtu aliyeacha akiona vifaa vile anaweza kushikwa na hamu upya, mwili unakumbuka kabla yake. Kijana mmoja aliyetusaidia kurekebisha skripti alinyanyuka akatoka nje tulipomwonyesha kipande cha majaribio, akarudi baadaye akasema endeleeni ila hicho kitoeni. Tukabaki na mlango wa choo uliofungwa na mdogo wake nje anagonga. Ni picha bora kuliko tuliyoitoa.

Mwisho wa filamu zetu ni wa aina mbili, kaburi au maombi, na yote yanamalizika chini ya dakika tatu. Tiba ya methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya heroini, ilianza hospitali ya Muhimbili mwaka 2011: mtu anafika kliniki, anakunywa dozi yake mbele ya mhudumu, anaondoka, kesho anarudi. Ule mkato wa kurudia unaoupenda utumie hapa. Foleni, kikombe, sahihi, foleni, kikombe, sahihi. Siku moja mvua, siku nyingine anachelewa anakimbia. Ulizia kwanza huduma inapatikana wapi, usimbunie kliniki.

La kazi tu: kibali cha Bodi ya Filamu kishughulikie kabla hujawalipa waigizaji, na mwenyekiti wa mtaa ajue siku na saa. Mwigizaji wetu aliyevaa kiteja aliwahi kukamatwa sokoni, watu wakiamini ni mwizi, wakati kamera iko ng'ambo ya barabara. Alitoka na shati lililochanika. Siku hizi kila tunapomrekodi mtu kwa mbali, mwenzetu mwenye kizibao cha kung'aa anasimama hatua chache kutoka kwake, nje ya fremu, na nakala ya kibali iko mfukoni mwake.