Maji miguuni mwa abiria wa mbele: angalia mifereji iliyo chini ya waipa

Ndugu, umeuliza kwa nini kapeti ya upande wa abiria hulowa kila mvua inyeshapo, ilhali milango na kioo havivuji. Kabla ya kumlipa fundi, funua boneti utazame chini ya kava ya plastiki iliyo kwenye shina la waipa. Maji yote ya kioo cha mbele huteremkia hapo, kisha hutokea pembeni kwa matundu mawili yaliyo nyuma ya matairi ya mbele. Matundu hayo yakizibwa, maji hujaa hadi kuingia kwenye njia ya hewa ya feni inayopuliza ndani ya gari, ambayo katika magari mengi yenye usukani wa kulia iko upande wa abiria.

Umesema unaegesha chini ya mkrismasi. Majani ya mkungu ni makubwa na hubaki juu, lakini vijani vya mkrismasi na mwarobaini hupenya na kugeuka tope.

Zoa uchafu kwa mkono, kisha mimina maji taratibu kwa kopo na uhakikishe yanatoka pande zote mbili. Usichokoe kwa waya mkali wala kupuliza upepo wa kompresa, kwani mpira wa mfereji unaweza kuchomoka, na hapo utakuwa umejiongezea kazi. Vibanio vya kava iliyochomwa na jua huvunjika upesi, basi vifungue kwa upole.

Mimi husafisha kabla ya masika na kabla ya vuli. Kapeti nayo iinue ikauke, la sivyo itanuka.