Mgeni mpe jembe, ufunguo baki nao

Vijana wanaosoma kompyuta pale chuo kikuu cha SUZA, Tunguu, wakinikuta huniuliza: msimbo, yaani maandishi ya programu, ukiwa wazi kwa kila mtu, wezi nao si wanauona? Wanauona, ndiyo. Lakini kwa muda wote niliotunza miradi huria, ile ya msimbo ulio wazi, nikiwa hapa Unguja, anayesoma hajanitia hofu sana. Namwogopa zaidi anayekabidhiwa ruhusa ya kubadilisha na kutoa matoleo, na aghlabu hukabidhiwa kwa sababu mwenye mradi amechoka.

Natunza maktaba ndogo ya msimbo, inayotumiwa ndani ya programu nyingine kugeuza saa, ili 08:00 isomeke saa mbili asubuhi kama tunavyohesabu sisi. Inatumika kwenye mifumo ya nyumba za wageni huko Jambiani na kwenye duka moja la dawa Chake Chake. Haina pesa. Siku moja nikapata barua pepe ya mtu nisiyemjua, ameandika kwa adabu, akasifu kazi, kisha akasema anaona nachelewa kujibu watu, basi nimpe haki za usimamizi anisaidie. Nikamjibu: karibu sana ndugu yangu, hitilafu zinazosubiri zimeorodheshwa, anza na yoyote, nami nitasoma kila utakachotuma. Hakuandika tena. Huenda alikuwa mtu mwema aliyepata shughuli nyingine, wala sikuhitaji kulijua hilo ili niamue. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Walitaja jembe, hawakutaja ufunguo wa nyumba.

Kwa nini nashikilia hivyo? Soma yaliyoipata xz, programu ya kubana mafaili iliyomo katika mifumo mingi ya Linux, mfumo endeshi wa seva nyingi. Ilitunzwa miaka mingi na mtu mmoja, Lasse Collin, bila malipo. Mwaka 2021 akaanza kuchangia mtu aliyejiita Jia Tan. Mwaka 2022 yakajitokeza majina mengine yasiyojulikana, yakilalamika kwamba mradi unakwenda polepole na unahitaji msimamizi mpya. Collin akaeleza wazi kwamba hali yake kiafya ilimpunguzia uwezo wa kuushughulikia. Taratibu Jia Tan akapata haki, mpaka ya kutoa matoleo. Mwanzoni mwa 2024 yakatoka matoleo 5.6.0 na 5.6.1, ndani yake mna mlango wa siri wa kuingilia seva kupitia SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali.

Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa waandishi wa programu ya hifadhidata ya PostgreSQL. Aliona kuingia kwenye mashine yake kunachelewa kama nusu sekunde, akachimba, na tarehe 29 Machi 2024 akatangaza. Jambo la kuzingatia sana ni hili: hati ya amri iliyowasha mtego haikuwemo kwenye Git, ghala linalotunza msimbo na historia ya mabadiliko yake. Ilitiwa kwenye kifurushi kilichobanwa cha kupakua tu. Waliokuwa wakisoma msimbo ulio wazi walikuwa wakisoma kitu kimoja, na programu zikijengwa kwa kitu kingine.

Basi mimi sijengi kifurushi cha toleo kwenye laptopu yangu. Naacha kijengwe na mtambo wa kiotomatiki, moja kwa moja kutoka kwenye alama ya toleo ndani ya Git, ili yeyote aweze kujenga chake akalinganisha. Tawi kuu, yaani nakala rasmi ya msimbo ndani ya Git, limefungwa: halipokei badiliko lolote, hata langu mwenyewe, mpaka mtu wa pili aliidhinishe. Ukiwa peke yako hilo ni gumu, najua. Tafuta mwenzio mbadilishane, wewe usome msimbo wa kwake, yeye asome wa kwako. Mimi na rafiki yangu wa Wete tunafanya hivyo, na hatujawahi kuandika mradi mmoja pamoja.

Akaunti yako ndiyo ufunguo wenyewe. Washa uthibitisho wa hatua mbili, lakini usitegemee ujumbe mfupi wa simu, maana laini inaweza kuhamishwa kwenda mikononi mwa mwingine. Tumia programu ya kutoa namba, au kifaa cha USB ukimudu. Zile namba za dharura za kurejesha akaunti ziandike kwenye karatasi, uiweke nyumba nyingine, kwa mama au kwa dada, isikae kwenye mkoba mmoja na simu.

Na siri za malipo, yaani funguo za kidijitali ambazo programu hutumia kwenye malipo, tafadhali, zisiingie kwenye Git hata kwa majaribio. Kijana mmoja alinijia akasema ameshafuta mstari wenye ufunguo wa malipo, kwa hiyo yamekwisha. Hayajesha. Historia ya Git inauhifadhi, na zipo roboti, programu zinazojiendesha, zinazosaka funguo kama hizo usiku na mchana. Kwanza ubatilishe ufunguo kwa aliyekupa, upewe mpya. Kusafisha historia kunaweza kusubiri.

Kwa vifurushi unavyovitegemea, funga matoleo, yaani taja toleo kamili unalotumia lisibadilike lenyewe, na ujue kilichomo hadi ndani kabisa. Desemba 2021, ilipofichuka hitilafu ya Log4j, maktaba ya kuandika kumbukumbu za programu za Java, watu wengi walihangaika kwanza kujua kama wanayo.

Narudi kwenye uchovu, maana hapo ndipo ninapoona wenzangu wengi wakiteleza. Mwaka 2018 mtunzaji wa event-stream, kifurushi cha lugha ya programu ya JavaScript ambacho yeye mwenyewe hakukitumia tena, alimpa mtu aliyejitolea kwa barua pepe. Mpokeaji akapachika msimbo wa kuiba bitcoin, sarafu ya kidijitali, kwenye programu ya pochi ya Copay. Ukichoka, andika wazi ukurasa wa mbele kwamba huna muda. Ukishindwa kabisa, ufunge mradi usomwe tu. Humdhulumu mtu, kwa sababu leseni huria inamruhusu yeyote kuunakili na kuuendeleza kwa jina lake mwenyewe. Akifanya kazi nzuri, mtaje kwenye ukurasa wako, na kila mtumiaji aamue kuhamia kwake akiwa anajua amehama. Lakini jina lile lile likibaki huku mkono umebadilika, mwenye duka la dawa Chake Chake atapokea sasisho la mgeni akidhani ni lako.