Hotuba Isiyomsubiri Waziri: Kwa Wasaidizi Wapya wa Wabunge wa Upinzani Westminster

Wiki iliyopita nilikunywa chai na wasaidizi watatu wapya katika jengo la Portcullis House, na kwa nusu saa nzima nikasikia makosa yangu ya miaka ya mwanzo yakisimuliwa kama mafanikio. Mmoja alikuwa akihesabu mara ambazo mbunge wake amesimama tangu Januari, na alifurahi sana kwamba amempita jirani. Wa pili alikuwa amewasilisha maswali ya maandishi 60 na hakuwa amefungua jibu hata moja. Wa tatu, kijana wa Mombasa ambaye nimempenda bure, alikuwa ameandika hotuba ya kurasa 9 kwa mjadala ambao kila mbunge angepewa dakika 4. Niliuma ulimi kwa sababu wameanza kazi juzi tu. Leo nauachia, na yatakayosemwa humu yanawahusu nyote mlioajiriwa na wabunge wa viti vya nyuma wa upinzani, yaani wasio na cheo, katika Bunge la Makabwela la Uingereza, jina ambalo huwachekesha wakubwa wangu kila ninapowatafsiria.

1. Fanyeni hesabu kabla ya kushika kalamu. Bunge hili lina wabunge 650, na serikali yenye wingi wa kutosha haiyumbishwi na hotuba ya mtu mmoja aliyekaa safu ya nne upande wa pili. Wengi wenu mmekua mkitazama Bunge la Dodoma na mnamjua mbunge anayetishia kushika shilingi ya mshahara wa waziri mpaka apewe maelezo. Huyu wetu hana shilingi ya kushika. Anachoweza kuondoka nacho ni maneno ya waziri, yaliyotamkwa mbele ya wenzake au kuandikwa kwa jina lake, yakaingia kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi za Bunge, na kubaki humo hata waziri mwenyewe atakapokuwa amehamishiwa wizara nyingine. Kwa hiyo mnapoandaa swali, mchango au marekebisho, jiulizeni waziri atalazimika kusema kitu gani ambacho hadi jana hakuwa amekisema. Mkikosa jibu, msiwasilishe.

2. Maswali. Swali linalomuuliza waziri ametathmini nini kuhusu jambo fulani hujibiwa kwa aya ile ile iliyojibu maswali kumi yaliyotangulia, hivyo ombeni idadi, tarehe au jina la waraka. Maswali ya kujibiwa kwa siku maalumu ni 5 tu kwa siku kwa kila mbunge, msiyapoteze kwa mambo yanayopatikana maktaba ya Bunge. Mkijibiwa kwamba gharama ya kutafuta taarifa ni kubwa mno, kumbukeni kwamba kikomo ni pauni 850, basi likateni swali: wilaya moja, mwaka mmoja, na mrudi wiki ijayo na wilaya ya pili. Panapokuwa na maslahi ya kutangaza, tangazeni mapema, kwa sababu herufi R, alama ya maslahi kando ya swali, iliyosahaulika humletea mbunge barua ambayo hamtapenda kuifungua.

Anayetaka kuona ufundi huu ukifanywa na bingwa na amsome mbunge Tam Dalyell. Meli ya Argentina, General Belgrano, ilizamishwa na Uingereza katika Vita vya Falklands tarehe 2 Mei 1982, na bungeni ikaelezwa kwamba ilikuwa ikivikaribia vikosi vya Uingereza. Dalyell, akiwa upinzani na nyuma kabisa, aliendelea kwa miaka kuuliza vijiswali vidogo vya kuudhi: meli ilielekea upande gani, amri ilitolewa saa ngapi, nani alijua nini wakati huo. Hatimaye ikabidi ikubalike kwamba meli ilikuwa imegeuza njia saa nyingi kabla ya kupigwa. Wakati huo wote watu walimwona msumbufu, na kwa kweli alikuwa msumbufu.

Na sisi tuliotoka Afrika Mashariki tuna lingine la kusoma. Machi 1959 wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo katika kambi ya Hola, Kenya, na tamko la kwanza la serikali ya koloni lilisema walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Barbara Castle, mbunge wa upinzani wa Blackburn, alikuwa miongoni mwa waliokwisha kuuliza kwa miaka kadhaa juu ya mateso ya wafungwa wa Kenya, kwa hiyo habari za Hola zilipofika London palikuwa na watu waliojua wapi pa kubana. Hansadi ya mwaka ule inasomeka bure mtandaoni. Isomeni usiku mmoja, mkiwa mmekula.

3. Marekebisho ya muswada. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipoungulia.

Ilikuwa kamati ya muswada uliogusa nyumba za kupanga, yenye wajumbe 17, na serikali ikiwa na wingi wake wa kawaida. Kifungu kimoja kilisema kwamba halmashauri "inaweza" kumpa mpangaji nakala ya ripoti ya ukaguzi wa nyumba anayoishi. Niliandaa marekebisho mafupi kuliko yote niliyowahi kuandika: ondoa "inaweza", weka "itapaswa". Niliyafikisha Alhamisi kwa ajili ya kikao cha Jumanne, kabla ya muda kwisha, na mpaka hapo nilikuwa mtoto mwema. Kosa lilianza Jumatatu usiku, nilipomwandikia mheshimiwa wangu hotuba neno kwa neno, pamoja na ile sehemu ya pili ambayo mtoa hoja huisema baada ya waziri kujibu. Sentensi yake ya mwisho ilisema kwamba majibu ya waziri hayaridhishi na kwa hiyo anaomba kamati ipige kura. Niliandika kwamba majibu hayaridhishi saa 12 kabla hayajatolewa.

Kuna la aibu zaidi. Nilikuwa nimekwisha kutuma kwa gazeti la jimboni taarifa yenye kichwa kilichosema serikali imewanyima wapangaji ripoti zao, isichapishwe kabla ya saa sita mchana. Kwa hiyo nilihitaji tushindwe, tena tushindwe mapema.

Mheshimiwa alisoma vizuri. Naibu waziri akasimama, akalifunga faili aliloandaliwa na maofisa wake, jambo ambalo mtu mzoefu angelitambua kwa macho tu, akasema kwamba hoja ina uzito. Alieleza kwamba neno "itapaswa" lingeleta shida pale ambapo uchunguzi bado unaendelea, lakini akaahidi kwamba marekebisho yakiondolewa atakutana na mheshimiwa na kuleta maneno ya serikali yenyewe muswada utakaporudi mbele ya Bunge zima. Mimi nilikuwa kwenye viti vya wananchi, nyuma ya chumba, na niliona wazi kwamba mheshimiwa hasikilizi, kwa sababu alikuwa ameinamia karatasi yangu akitafuta pale atakapoanzia. Nikaandika "ONDOA" nyuma ya risiti ya kahawa na kuinuka ili nimpe mhudumu wa mlangoni ampelekee. Kiti kikalia kama mlango wa ghala. Chumba kizima kiligeuka kunitazama, isipokuwa yeye. Akasimama, akasoma kwamba majibu ya waziri hayaridhishi. Risiti ilimfikia katibu wa kamati akiwa ameshaanza kuita majina ya wapiga kura. Tulipata kura 6, wao 9.

Gazeti lilichapisha taarifa yangu bila kubadili neno, nami nikaipeleka kwa mheshimiwa nikiwa na haya. Tulipoomba ule mkutano, jibu lilikuja la adabu na fupi, kwamba kamati ilikwisha kulitolea uamuzi suala hilo. Muswada ukawa sheria na "inaweza" yake. Majira ya baridi yaliyofuata mama mmoja wa jimboni, ambaye ukuta wa chumba cha wanawe ulikuwa mweusi kwa ukungu, alipiga simu akieleza kwamba mkaguzi alifika, akaandika, akaondoka, na halmashauri haitaki kumpa nakala. Alisoma gazetini kwamba mbunge wake alilipigania jambo hilo, hivyo akadhani tutamsaidia. Simu niliipokea mimi.

Mheshimiwa hakunifokea hata siku moja. Aliniuliza tu, "Ulijuaje atakachojibu?" Tangu hapo karatasi zangu za kamati huishia kwa mistari miwili mitupu, mmoja ukianza na "akiahidi" na mwingine "akikataa", na mheshimiwa huijaza kwa kalamu waziri akiwa bado amesimama. Taarifa ya gazeti huandikwa baadaye, hata ikichelewa.

4. Yaliyobaki ni ya haraka, nanyi mnayajua ila hamyafanyi. Mbunge awemo ukumbini mjadala unapofunguliwa na unapofungwa. Neno "wewe" ni la Spika peke yake. Nimemsikia mbunge mgeni akisema "mmewasahau wazee", akakumbushwa kutoka kitini kwamba aliyekalia kiti hajamsahau mtu. Mjadala wa Westminster Hall, ukumbi wa pili wa mijadala, hauna cha kupigia kura kwa kuwa hoja yake husema tu kwamba Bunge limelitafakari jambo, kwa hiyo achieni waziri dakika za kutosha badala ya kuzijaza maneno yenu. Kwa mjadala wa nusu saa wa kufunga siku, pigieni simu ofisi ya waziri na kuwaambia mtakachouliza, maana mnatafuta jibu na wala hamumvizii mtu. Mbunge Jim Shannon wa Strangford huenda akasimama kuchangia, maana mijadala hiyo ni kama baraza la nyumbani kwake, nanyi mtamshukuru. Katika kamati teule, zile zinazohoji mashahidi, andikeni swali la pili kwa uangalifu kuliko la kwanza, kwa sababu la kwanza shahidi amelijia tayari.

Kijana wa Mombasa, kamati yenu inaanza Jumanne saa tatu na dakika 25 asubuhi. Njoo na ukurasa mmoja, nami nitakuonyesha kiti cha nyuma kisicholia.