Wasifu wa Fundi Baiskeli

Wiki iliyopita mlituuliza wasomaji: "Akili mnemba ikiweza kuifanya kazi unayoipenda, utajuaje umeumbiwa nini?" Nililisoma swali hilo nikiwa nyuma ya kaunta ya steshenari yangu hapa Nyegezi, Mwanza, nikaona linanigusa mimi hasa. Kazi iliyonilisha miaka mingi ni kuchapa, na kuchapa sasa kumehamia kwenye simu za watu.

Nilifungua duka mwaka 2009. Wanafunzi wa chuo walikuwa wanakuja kutoka Malimbe na madaftari yaliyoandikwa kwa mkono, nachapa kwa shilingi 500 ukurasa, na msimu wa tasnifu taa ya duka ilikuwa haizimwi. ChatGPT, programu ya akili mnemba inayoandika, ilitoka Novemba 2022. Haikupita miaka miwili, wanafunzi wakawa wanaleta flashi, kazi imeshaisha, wanachotaka ni kuprinti na kufungiwa kitabu. Msichana niliyekuwa nimemwajiri nikashindwa kumlipa. Hilo liliniuma, na bado linaniuma.

Lakini niseme ukweli kuhusu hiyo kazi "ninayoipenda". Sikuanza kwa kuipenda. Nilimaliza kidato cha nne, mjomba akanilipia kozi ya kompyuta ya miezi mitatu, na nikashika kile kilichokuwepo. Vijana wetu wanaambiwa watafute shauku yao, kana kwamba imeanguka mahali na mwenye macho makali ndiye atakayeiokota. Yangu haikuwa imeanguka popote. Ilinijia baada ya miaka sita ya kuchapa maneno ya watu wengine, na ilinikuta nachapa wasifu wa marehemu.

Mnajua inavyokuwa. Msiba umetokea usiku, asubuhi mtu wa familia anakuja na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, aliugua, ameacha mjane na watoto kadhaa, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Nilichapa karatasi za namna hiyo kwa miaka, mpaka siku moja nikagundua kwamba ukiondoa jina na tarehe, nimekuwa nikimzika mtu yule yule. Ndipo nikaanza kuuliza. Swali moja tu, tena kwa sauti ya chini: "Akiwa hana kazi, alikuwa anafanya nini?" Mtu aliyekuwa na haraka ya kurudi msibani alikuwa anavuta kiti na kukaa.

Februari 2025 alikuja kaka mmoja, baba yake alikuwa fundi baiskeli wa miaka mingi kule Mabatini. Akanyoosha simu. "Dada, naomba nakala 50, imeshaandikwa." Nikaisoma. Kiswahili kilikuwa safi, safi kuliko changu cha miaka ile ya mwanzo. Marehemu alikuwa nguzo ya familia, mcheshi, mpenda watu, aliyependa kusafiri na kujifunza mambo mapya.

Nikamuuliza, "Pole sana kaka. Mzee alikuwa anapenda kusafiri kwenda wapi?"

Akaitazama simu. "Mzee? Mzee hakuwa msafiri."

Alirudi baada ya saa moja na shangazi yake. Nikamwamkia, nikampa maji, naye akaanza kueleza jambo ambalo mpwa wake alikuwa hajawahi kulisikia. Mzee alikuwa na rafiki Bukoba, fundi mwenzake, ambaye alizoea kuja Mwanza kununua spea. Asubuhi ya Mei 21, 1996, mzee alikwenda bandarini na baiskeli yenye karia ili amsaidie kubeba mzigo. Meli aliyokuwa anaisubiri ilikuwa MV Bukoba, iliyozama ziwani asubuhi hiyo kabla ya kufika. Akarudi nyumbani na karia tupu. Tangu siku hiyo hakupanda meli tena. Ila kila Januari, shule zikifunguliwa, alipanda basi kwenda Bukoba kwa watoto wa rafiki yake, na pale Kigongo, basi likishaingia kwenye kivuko, alikuwa anashuka na kusimama pembeni ameelekea majini mpaka Busisi.

"Sisi tulidhani anapenda upepo," kaka akasema.

Tuliandika wasifu upya, ukurasa na nusu. Mzee hakuliona daraja la Kigongo–Busisi likifunguliwa Juni mwaka ule. Angevuka ziwa bila kushuka kwenye basi.

Nimeeleza kisa hiki kirefu kwa sababu ndani yake ndimo lilimo jibu langu. Programu hizi hujifunza kwa kupitia maandishi mengi mno, kisha hukisia neno gani lifuate lililotangulia. Kaka aliipa jina, mwaka wa kuzaliwa, kazi na idadi ya watoto. Palipobaki wazi ikajaza kile ambacho kwa kawaida huandikwa kuhusu marehemu. Haikuwa na nia mbaya. Haikuwa na shangazi. Mimi mwenyewe naitumia: inanisahihishia tahajia, inanisaidia barua za halmashauri, na ningekuwa mwongo nikisema sitaki hata kuiona. Ila ile saa moja ya kumsubiri shangazi ndiyo kazi yangu, na niliipata kwa kukaa miaka kwenye kazi ambayo mashine sasa imeichukua.

Hapo ndipo hofu yangu ilipo, na wanaoandika juu ya mambo haya naona wanapapita haraka. Binti yangu yuko mwaka wa pili chuoni. Ananiuliza, "Mama, nishike kitu gani ambacho mashine haitakuja kukifanya?" Mimi sihofii kwamba kazi zitamwishia. Nahofia kwamba atakosa ile miaka sita. Sikio langu lilinolewa na kurasa za watu wengine, zenye makosa, zenye kuchosha, usiku. Yeye akipewa kila kitu kimeshanyooshwa, atajuaje kwamba sentensi fulani haina mtu ndani yake?

Mwaka 2016 nilichapa tasnifu ya mwanafunzi mmoja juu ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe, kisiwa ambacho meli zinakwenda kila siku kutoka hapa mjini. Kitereza alimaliza riwaya yake mwaka 1945, akiwa ameiandika kwa Kikerewe, lugha ya watu wachache wa kisiwani. Haikupata mchapishaji. Baadaye akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1980. Yeye akafariki mwaka uliofuata. Miaka 35! Humo ndani kuna jinsi Wakerewe walivyooana, walivyolima, walivyougua na kutibiana, kwa undani ambao leo mashine ina pa kuusoma kwa sababu tu mzee huyu aliukalia na kuuandika pasipo soko. Nilipomaliza kuchapa ile tasnifu nilikuwa nimesahau kula.

Kwa hiyo binti yangu sikumpa jina la fani. Nilimpa kalamu na daftari. Kuna mama mmoja wa Igogo, ana miaka themanini na kitu, alisikia habari za wasifu wa fundi baiskeli akaja kuniambia kwamba wa kwake anataka uandikwe akiwa hai, ausikilize na kuusahihisha. Tumeshakaa naye Jumamosi mbili, mimi nikiuliza, binti akiandika kwa mkono. Mara ya kwanza aliandika kila neno na mkono ukamuuma. Mara ya pili nilimwona ameacha kuandika, anamtazama tu bibi, kisha akauliza swali ambalo mimi sikulifikiria: nani alikuwa anamsuka nywele alipokuwa mdogo. Bibi alinyamaza muda mrefu, halafu akataja jina ambalo halikuwa limetajwa Jumamosi zote mbili.

Jumamosi hii tunaendelea na jina hilo.